Foleni ya Kwa Jogoo

Jumatatu, 3 Machi

Kahawa imeungua tena. Fundi Viatu, mteja wangu wa mwisho aliyebaki na moyo, alipiga funda moja akakunja uso, akauliza kama leo nimechemsha soli zake. Nikamwambia ni mtindo mpya. Hakucheka. Iliyobaki alilimwagia ua langu la kwenye kopo. Ua lenyewe asubuhi lilikuwa zima!

Kosa si langu. Mkaangaji wa kahawa hapa ni mke wangu, na mke wangu sasa ameajiriwa ng'ambo ya barabara, kwenye ule mgahawa wa Kimarekani wenye picha ya jogoo aliyevaa kofia ya mchunga ng'ombe. Mwezi wa pili huu. Alisema mkahawa wetu umepoa, afadhali mmoja wetu apate mshahara. Sawa. Lakini anarudi jioni akinukia chipsi, anakula, analala.

Zamani, kabla ya kufungua mlango, tulikuwa tunaketi kizingitini tukinywa kikombe cha kwanza cha birika. Kikombe kimoja, watu wawili. Funda lake, funda langu. Hata kuongea hatukuongea. Namkumbuka mno, na tunalala kitanda kimoja!

Nimepata dawa. Nitafanya mbinu afukuzwe kazi. Kwa mapenzi mema kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia kwa Jogoo kwa kujigeuza. Koti refu, miwani myeusi, na ile kofia pana ya marehemu baba mkwe inayoning'inia msumarini chumbani kwetu. Hata mama mzazi asingenijua.

Foleni ndefu. Zamu yangu ilipofika, moyo ukanidunda kama wa kijana anayeposa. Mke wangu, fulana nyekundu, kofia yenye mdomo wa jogoo. Akanitazama, akatabasamu, akaniuliza mzee habari yako leo. Nikakwaruza sauti, nikasema mbaya. Akanipa pole. Akataka kujua kinachonisumbua. Nikasahau nilichokuja kutafuta. Nikasema, kahawa.

Akanipa ndoo nzima ya karatasi yenye kifuniko. Kahawa gani! Maji yaliyosimuliwa habari za kahawa. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kiti ni laini, na ukikaa dirishani unaiona kaunta yote. Nilikaa mpaka mchana. Kwa uchunguzi.

Niliporudi, Fundi Viatu alikuwa amesimama mbele ya kufuli langu. Nikamwambia nilikwenda kung'oa jino.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda tena. Uchunguzi wa siku moja haujitoshelezi.

Ajabu! Aliponiuliza habari yako leo, aliongeza kuniuliza kama jino limepoa. Mzee asiyemjua hata kwa sura! Hawa Wamarekani wanajuaje mpaka meno ya watu? Huduma ya hali ya juu. Ndiyo maana wanatumaliza.

Nilimjibu limepoa kidogo. Akasema amefurahi. Nikatoka nje nikazunguka jengo, nikaingia foleni upya.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya shambulio. Nilimwomba meneja, kijana wa tai fupi, tukae pembeni. Nikamwaga sumu yote. Nikamwambia yule mama wa kaunta hafai. Anawakazia watu macho kama ndugu zake. Anakumbuka maradhi yao. Jana amesimamisha foleni nzima amtafutie bibi mmoja kiti, na baga ya bibi akamkatia kwa kisu. Nikauliza, hii ni biashara au ni ukoo?

Meneja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yamemlengalenga. Akasema, mzee wangu, ahsante, wateja wengi wanaona ila hawasemi. Akaenda zake mbio.

Jioni mke wangu karudi na beji mpya. Msimamizi wa zamu! Nikampa hongera.

Tulipokuwa tunakula akasema kitu. Akasema tangu aanze kazi ile anauliza watu habari zao kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia swali. Hata mmoja. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kwa uchungu. Wateja wa Jogoo hawana adabu kabisa! Kisha nikamwomba chumvi.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Leo zamu yangu ilipofika, kaunta alikuwepo meneja. Nikauliza yule mama yuko wapi. Akasema kwa ukubwa wake mpya amepewa ruhusa ya kuchagua asubuhi moja ya mapumziko kila wiki, na amechagua Jumatatu. Alisema ana mtu wa kunywa naye kahawa.

Mtu! Nani huyo? Nilikaa na ndoo yangu, mgongo nimeupa barabara, nikiwaza wanaume wote wa mtaa huu mmoja mmoja. Nilipofika kwenye jina la Fundi Viatu nikasimama ghafla, kofia ikaanguka.

Nilimkuta Fundi Viatu kibandani pake. Kabla sijamkaba akaniambia, jirani, ulikuwa wapi? Shemeji alikuja na alfajiri. Alibeba kahawa aliyoikaanga mwenyewe, ingali na moto kwenye kitambaa. Alikuta kufuli. Akaketi kizingitini peke yake mpaka jua likamfika usoni, akanyanyuka akaenda.

Nikakimbilia mlangoni pangu. Kizingiti kilikuwa bado kinanukia kahawa.

Nyumbani hakugomba. Heri angegomba. Aliniuliza tu nilikuwa wapi. Nikasema, jino. Akaitazama kofia ya baba yake mkononi mwangu, kwa muda. Akasema, Baba Watoto, Jumatatu ijayo nitakuja tena. Uwe mlangoni. Usifanye kingine chochote. Kile kikombe cha kwanza hata mimi nakikumbuka.

Nimeingia bafuni nikafungua maji ya bomba, asinisikie nikilia.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima sijakanyaga kwa Jogoo! Leo nimesugua birika mpaka najiona uso. Nimepangusa benchi. Nimetoa kikombe chetu, kile chenye ufa mdogo upande anaonywea mke wangu. Ufunguo uko mfukoni.

Nina furaha, ila kuna mdudu mmoja ananitafuna. Yule meneja anampenda mno. Je, akimwita kazini ghafla? Mimi niko kizingitini na birika kama mjinga, yeye yuko kaunta anawauliza wengine habari zao? Roho yangu haitaweza mara ya pili. Na wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nitapita tu pale mara moja, nihakikishe hayupo. Ni hatua chache.

Jumatatu, 17 Machi

Hayupo!

Naandika haya nikiwa kwa Jogoo, kiti cha dirishani. Nimekagua kaunta, nimechungulia jikoni, nimesubiri na zamu ibadilike ili nipate uhakika. Hayupo kweli. Mke wangu ni mtu wa neno lake! Na mimi nilimshuku. Aibu yangu.

Meneja aliniuliza habari yako leo. Nikamjibu nzuri sana, kijana, na yako je? Kidogo adondoshe kikombe. Akasema mimi ni wa kwanza kumuuliza, akanisimulia habari za mama yake mgonjwa, na mgongo wake, na kodi ya nyumba. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mtu hupungukiwa nini kuuliza?

Akanipa kikombe kikubwa kuliko vyote, cha bure. Moto sana, hakinyweki haraka. Jua limeshapanda, linang'aa ng'ambo ya barabara, mlango wangu siuoni vizuri. Ufunguo ninao, naupapasa kila mara nisije nikaupoteza leo.

Nikimaliza tu hiki nakimbia kwenda kumwambia kwamba nimemwamini.