Saladi ya Msimamizi Mtarajiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhalilika. Na kilichonidhalilisha ni nyanya.

Nilikuwa nje ya mlango wa ofisi na sampuli za vitambaa mkononi. Sikuwa nikisikiliza kwa makusudi. Nilisimama tu, kwa muda. Mama Bosi alikuwa akimwambia karani kwamba msimamizi wa karakana anastaafu mwisho wa mwezi, na kwamba kwa ufundi hakuna wa kunishinda: miaka kumi na tisa navisha makochi, halijarudishwa hata moja. Moyo ukanifura. Kisha akasema tatizo langu ni moja, ubishi. Eti amenitazama mchana nikizitoa nyanya moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama mtoto wa chekechea. Mtu mzima aliyeshindwa kuzoea nyanya, akauliza, mashine mpya zinazokuja atazizoea vipi? Wakacheka wote wawili.

Miaka kumi na tisa, halafu nyanya!

Mshindani wangu ni Randa, seremala anayeunda fremu za makochi ninayoyavisha mimi. Ana miaka minane tu hapa. Kila mchana anafungua bakuli la majani mabichi, anatafuna huku amefumba macho. Mama Bosi naye ni mla majani. Wanasifiana matango! Nilidhani ni urafiki wa mezani. Sasa nimeelewa. Yule si mlaji, ni mwanasiasa.

Nimeamua. Kuanzia kesho nakula saladi. Hadharani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jana jioni nilimwambia mke wangu kwamba nataka saladi ya kwenda nayo kazini. Akaweka mwiko chini. Akanishika paji la uso aone kama nina homa. Kisha akafurahi, akafurahi kupita kiasi, na hilo lilinikera. Alisema amengoja neno hilo tangu tuoane. Eti mtu mzima hujifunza kupenda majani kidogo kidogo, kwa hiyo nimwachie yeye, nisiwe na haraka.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia maji yanamwagika jikoni. Alikuwa anaosha majani kwa mara ya tatu. Kayapangusa kwa kitambaa safi, jani kwa jani. Vitunguu kavilowesha katika maji ya chumvi visiniwashe ulimi. Na karoti kazikata umbo la maua. Maua! Mimi fundi, baba wa watoto pacha, mwenye ndevu.

Mchana nikaketi meza ya Mama Bosi, nikafungua bakuli taratibu ili kila mtu aone. Randa akainama juu ya karoti zangu, akatangaza kwamba hajapata kuona maua kama yale, na kwamba mkono uliokata una mapenzi. Wote wakaja kutazama, hata mlinzi wa getini. Mtu anaomba cheo, anaishia kufanya maonyesho ya karoti.

Nikatia tonge mdomoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kabichi mbichi ina kelele. Unatafuna, kichwa chote kinavuma, husikii unachoambiwa. Mama Bosi aliuliza kitu, nikaitikia ndiyo, ndiyo kabisa. Kumbe aliuliza kama kochi la chumba cha mapokezi litakuwa tayari Jumatano ijayo. Kazi ya wiki mbili hiyo! Nimekwisha kuahidi, na tonge lenyewe bado halijashuka.

Nikasingizia kwamba gundi inanikaukia, nikatoka na bakuli mpaka karakanani. Pipa la taka liko karibu na benchi la Randa, na Randa ana macho ya mama mkwe. Nifanye nini? Mbele yangu lilikuwa kochi lile lile la mapokezi, mkono wake wa kushoto uko wazi, unangoja kujazwa.

Sikupanga. Ilitokea tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mambo yanakwenda vizuri. Kila mchana matonge mawili mezani, naguna kwa utamu, nasifu limau, halafu gundi inakauka, halafu kochi. Mkono wa kushoto umejaa, nimeuziba kwa sponji na kitambaa. Nimehamia wa kulia. Nikisema kama fundi, majani yanajaza vizuri kuliko nilivyodhani. Mama Bosi alipita leo akaubonyeza kwa kidole, akasema una ulaini wa aina yake. Akaongeza kwamba amefurahi kuona nabadilika. Nabadilika! Nilipiga mluzi mchana kutwa.

Kero iko nyumbani. Kila jioni mke wangu ananihoji. Leo nimependa nini? Juzi nilijibu figili. Kumbe figili hakutia. Akafikiri kidogo, akasema labda niliionja pilipili hoho nikaidhania figili, basi inaelekea napenda ladha kali. Jana akaenda sokoni kwa miguu kutafuta figili. Sasa nina figili pia za kuficha, na ni ngumu, zinatuna chini ya kitambaa. Nimelazimika kuongeza sponji.

Mwanamke huyu hanisaidii hata kidogo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku mbaya. Nyumbani hakuna kochi lililo wazi.

Mke wangu alitoa sinia zima: majani ya saladi, matango, nyanya, vitunguu, karanga za kukaanga juu yake, na yai la kuchemsha lililokatwa vipande vinne. Wakakaa kunitazama, yeye na pacha. Pacha wana miaka saba na hawana huruma. Wakahesabu kwa sauti kila nilipotafuna. Nikajikaza kisabuni. Nikatazama dari, nikameza.

Kisha nikala tena. Karanga zilikuwa zinavunjika katikati ya majani, limau likaingia kwenye yai, kitunguu hakikuwasha hata kidogo. Nyanya ilikuwa ya baridi na tamu. Nilipoangalia chini, sahani ilikuwa tupu na mkono wangu ulikuwa kwenye sinia. Pacha wakaacha kuhesabu. Mke wangu aligeuka haraka kama mtu anayeficha uso.

Ilikuwa njaa tu. Asubuhi sikunywa chai ya kutosha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nzi watatu juu ya kochi.

Nimewafukuza. Wamerudi na jamaa zao. Kochi limewekwa karibu na dirisha, jua linalipiga tangu asubuhi, na mkono wa kushoto umeanza kutoa harufu. Si kali. Ni kama ya chombo cha maua ambacho hakijabadilishwa maji. Kulifungua siwezi, Jumatano ni keshokutwa, na kushona upya ni kazi ya siku tatu. Mchana nikakimbia nyumbani, nikachukua chupa ya marashi ya mke wangu, nikamimina yote. Sasa linanuka chombo cha maua katika nyumba ya harusi.

Randa akaja, akanusa kushoto, akanusa kulia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pengine kuna panya amefia ndani. Nikitaka, atabaki jioni anisaidie kufungua na kufunga, tukifanya wawili tutawahi, wala hatamwambia mtu.

Ujanja wa wazi! Nifungue, nichelewe, niaibike, yeye apande cheo. Nikamjibu kwamba makochi yangu hayana panya, na aangalie mbao zake. Akainua mabega, akaenda kula matango.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanza na suruali.

Saa nne asubuhi Mama Bosi alituita chumba cha mapokezi, mimi na Randa. Alisema tukae hapo hapo kwenye kochi jipya, tulizindue kwa habari njema. Yeye kati, Randa kulia, mimi kushoto. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nikaegemea. Mkono wa kochi ukatoa sauti, chwi. Nikahisi maji kwenye suruali. Upande wa kulia Randa akaegemea, chwi. Kisha harufu ikapanda, marashi na kuoza pamoja, mpaka karani akaja mlangoni ameshika pua.

Mama Bosi akauliza hiki ni nini. Nikasema mbao.

Ndiyo, nilisema. Nilieleza kwamba mara nyingine seremala akiharakisha hutumia mbao mbichi, mbao mbichi hutoa maji, na kwamba sipendi kumsema mwenzangu lakini ukweli lazima usemwe. Randa aliomba ruhusa, akatoa kisu, akachana mshono wa mkono wa kulia. Mshono wangu mzuri!

Kikamwagika kitu kijani, cheusi, chenye povu. Kabichi huoza. Matango huoza kabisa. Karoti haziozi upesi, hilo sikulijua. Maua ya karoti yakadondoka moja moja kwenye sakafu iliyopigwa deki, yakabiringika, yakasimama miguuni mwa Mama Bosi. Kumi na moja. Yote na petali zake.

"Baba Pacha," akasema, "haya si maua ya mkeo?"

Nikasema yanafanana.

Alikunjua ile karatasi akanionyesha. Jina lililoandikwa lilikuwa langu. Aliliandika tangu mwezi uliopita. Ile habari ya nyanya, alisema, ilikuwa utani wake na karani, hata hakumbuki vizuri. Akachukua kalamu, akakata jina langu, akaandika la Randa. Aliandika polepole, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata kumi!

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mke wangu aliona chupa ya marashi ni tupu. Akauliza nilimpelekea nani. Akanusa shati langu la kazi, akauliza tena, safari hii akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Nilikuwa na njia mbili: mwanamke au kochi. Nikasema kweli yote, tangu nyanya hadi maua sakafuni.

Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akatazama kisu chake kidogo cha karoti. Alisema siku saba za kazi ameamka saa kumi na moja. Alisema bora angekuwa mwanamke, angalau angejua anashindana na nani, kuliko kushindwa na kochi. Kisha akauliza jambo moja tu: na Jumapili pia niliigiza?

Nilitaka kumwambia hapana. Nikamwambia ilikuwa njaa.

Nimeona haya. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nimeona haya kweli kweli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kazini wananiita Mkulima. Mlinzi wa getini ameniuliza nimevuna nini. Karani amechora karoti kwenye kadi yangu ya mahudhurio. Mchana uvumilivu ukaniisha, nikasimama juu ya benchi, nikatangaza mbele ya karakana nzima kwamba mimi majani nimekoma. Mtu akiniona natafuna jani lolote, maisha yangu yote yaliyobaki, aniite Mbuzi, nami nitaitika.

Wakapiga makofi. Nimerudisha heshima yangu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mke wangu hafungashi tena chochote. Leo asubuhi niliamka kabla yake. Saa kumi na moja. Sijui kwa nini. Nikaosha majani mara tatu, nikaloweka vitunguu, nikakaanga karanga. Karoti nilijaribu kuzikata umbo la ua, zikatoka kama magego. Nikatia yote katika bakuli lake la kijani lenye kifuniko, alilopewa na marehemu mama yake, nikaliviringisha kwenye gazeti na kutoroka nalo.

Mchana wote walipokwenda kula, nilibaki karakanani. Kazi niliyo nayo ni kiti cha ofisi ya msimamizi mpya. Adhabu ya Mama Bosi: nimvishie Randa kiti, kwa mkono wangu. Nikakaa nyuma yake, nikafungua bakuli. Jamani! Limau, chumvi, kile kitunguu. Hata kelele ya kabichi niliipenda. Nikagundua nimefumba macho. Nikawaza nitakavyomwambia mke wangu jioni: mama, Jumapili haikuwa njaa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Ndipo nikasikia viatu. Mama Bosi na Randa, wanakuja kukagua kiti.

Mbuzi! Maisha yangu yote! Mgongo wa kiti ulikuwa bado wazi. Nikatia bakuli ndani, sponji, kitambaa, stepla taratatata, nikasimama. Mama Bosi akakizunguka mara mbili akasema hakuna dosari. Randa akakaa, akaegemea, akasema kuna kitu kigumu kidogo mgongoni lakini kinamnyoosha vizuri. Akanishukuru. Akaniambia yaliyopita si ndwele. Kimepelekwa ofisini kwake saa tisa, na mlango una kufuli.

Safari hii sina wasiwasi. Nimejifunza. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kutofunika.

Mke wangu amesimama hapa mlangoni, anauliza nani amechukua bakuli la mama yake. Nimemwambia nimemwazima Randa.