Farasi wa Akida na Punda wa Zena

Halfani alipanda Newala kutoka Lindi akiwa na kanzu moja safi, kofia ya viua na maneno mengi. Kuuza dawa hakuthubutu. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vibichi, na mgeni yeyote aliyefungua kibuyu mbele za watu aliulizwa kwanza yeye mwenyewe alipigwa risasi ngapi akapona. Basi akakaa barazani akiutazama mji, akisubiri riziki ijitokeze yenyewe.

Ikajitokeza ikiwa na miguu minne. Akida Rajabu, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani asimamie kodi na kesi, alipita kwa maringo, na nyuma yake askari anavuta farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Ofisa mmoja alimwachia akida farasi huyo alipohamishwa. Uwanda mzima wa Makonde haukuwa na mwingine, na akida alimwogopa sana. Alishampanda mara moja, akashuka kabla hajataka kushuka. Tangu hapo farasi akawa wa kutembezwa tu, kama bibi harusi.

Halfani macho yakamtoka. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno, mnyama yule angemfanya mtu aitwe bwana. Lakini zizi lilikuwa na askari, na askari walikuwa na kiboko. Kilichotakiwa ni akida mwenyewe amwombe Halfani ampande farasi.

Akaenda kwake, akatoa shikamoo ya kunyenyekea, akamsifia farasi mpaka kahawa ikaagizwa. Kahawa ikamlegeza akida, akasema yaliyomkaa moyoni. Alikuwa anamtaka Zena, mjane aliyechota maji kwenye chemchemi ya bondeni na kuyapandisha mjini kwa punda wake, maana huko juu hakukuwa na kisima. Zena alikuwa amemkataa tena na tena, na sasa akida alikuwa anamtishia kwamba atamzuia kuuza maji.

Halfani akatikisa kichwa kwa huzuni kama yuko msibani. Mwanamke wa namna ile, akaeleza, hatishwi; anashindwa mbele za watu. Sikukuu ya Kaizari wa Wajerumani ilikuwa inakaribia. Basi na yafanyike mashindano, farasi kwa punda, kutoka bomani hadi chemchemini na kurudi, wazee wakishuhudia. Farasi akishinda, Zena aolewe. Punda akishinda, aachwe na amani yake. Akida akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akauliza ni nani atakayempanda farasi, na Halfani akainamisha macho kama mwali aliyetoka unyagoni.

Halfani alipompelekea Zena habari hiyo, Zena hakucheka. Alimsikiliza huku akikaza kamba za mitungi. Halfani akamwapia kwamba atajiachia ashindwe, ili yeye aokoke. Zena akajibu kwamba amani ya akida haina uzito. Kama ni mashindano, punda akishinda farasi naye awe wake. Halfani akakubali papo hapo na kwenda kumshawishi akida, kwani kwa hesabu zake siku hiyo hapangebaki farasi wa kumpa mtu.

Kasoro ni kwamba kila asubuhi alijikuta anashuka na Zena bondeni, akidai anajifunza njia. Siku moja punda alimng'ata bega. Zena akamkemea punda kwa Chimakonde, kisha akacheka, na kicheko kile kikamharibia Halfani kazi. Kabla ya sikukuu akamfungulia yote: hatashinda wala hatashindwa, atapitiliza na farasi hadi Ruvuma, na anamwomba waende pamoja. Uongo ulikuwa umemlisha maisha yake yote, na ukweli aliuonja siku ile tu. Zena akafikiri kidogo, akamwambia wakutane chemchemini.

Siku ikafika, ngoma zikalia, tarumbeta ya askari ikapigwa. Farasi akatoka kwa kishindo, watu wakamshangilia akida kana kwamba ndiye anayekimbia. Zena na punda wake wakatokomea kwenye njia ya mkato, katikati ya mawe. Penye genge, mteremko ulipokuwa mkali, farasi akaanza kuchagua pa kukanyaga, na Halfani alipofika chini alimkuta Zena amekaa, anajipepea.

"Jaza vibuyu vya safari," Zena alimwambia. "Mimi nimshike farasi."

Halfani akaingia majini hadi magotini. Alipogeuka, farasi alikuwa amefungwa nyuma ya punda, na punda ameshaelekea juu.

"Bi Zena, njia ya Ruvuma ni huku."

"Naijua. Ina mbung'o. Ungefika na ngozi ya farasi."

"Nikirudi bila farasi, akida ataniua."

"Nitasema amekutupa. Watakucheka." Akaishika kamba vizuri. "Nikisema ulichotaka kufanya, hutaweza kukaa kitako mwezi mzima. Ruvuma sikuzuii. Ila kama unarudi, mitungi yangu hiyo hapo."

Akaondoka bila kutazama nyuma. Halfani akasimama majini. Upande mmoja bonde lilikuwa wazi, hana wa kumfukuza. Upande wa pili genge, na juu yake mwanamke aliyemtapeli mchana kweupe. Moyo ulimuuma, lakini ndani ya maumivu yale kulikuwa na heshima kubwa ya fundi kwa fundi mwenzake. Akajitwika mtungi.

Alipotokea bomani, nusu ya maji yakiwa kwenye kanzu, wazee walikuwa wameshaamua: pua ya punda ilitangulia. Akida alikuwa ameahidi mbele ya mji mzima, hakuwa na pa kurudia. Tena kwa yule farasi alionekana kama aliyetuliwa mzigo. Alimuuliza Halfani kwa ukali imekuwaje.

"Farasi alijua anakokwenda, Bwana Akida," Halfani akajibu. "Mimi ndiye sikujua."

Watu wakaangua kicheko. Zena, kamba mbili mkononi, akamwambia autue mtungi mlangoni kwake, polepole usipasuke, kisha arudie wa pili kabla jua halijawa kali.

Halfani akautua polepole, akakamua kanzu, akashuka tena bondeni.