Ajon Imeingia Nyumba ya Busaa

Nyuma ya Soko,
Busia, Kenya.
Januari, 1966

Kwako Baba Mkwe, Mzee Etyang wa Kiyeyi, Tororo, Uganda,

Nakuandikia nikiwa nimevua kofia, ingawa hunioni, maana mtu hasemi na baba mkwe wake huku amejifunika kichwa. Binti yako Asekenye ni mzima, mtoto ni mzima, na baiskeli za watu zinaendelea kuharibika vizuri, kwa hiyo kazi ipo. Kisicho kizima hapa kwangu ni chungu cha pombe, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Mzee, kiangazi kimeingia. Jua la huku unalijua, likifika saa sita hata mbuzi huacha ubishi. Wimbi limevunwa, majembe yamelala, na kila nyumba yenye heshima imeshachagua pombe ya kunywa mpaka mvua zirudi. Kila nyumba isipokuwa yangu. Mimi ni Msamia, na kwetu hupikwa busaa. Binti yako ni Mteso, na amesema ni ajon au tunywe maji ya mtoni. Wewe ndiwe uliyemlea, basi malalamiko yangu nayaleta kwako, uyapime kwa haki.

1. Ajon haina mwisho. Busaa ni pombe yenye adabu: inachujwa, inamiminwa kikombeni, mgeni anakunywa, anaona kikombe kimekauka, anaelewa, anaaga. Ajon inakaa chunguni na makapi yake, mirija imesimama ndani, na ikipungua binti yako anaongeza maji ya moto. Mgeni ataondoka saa ngapi? Odoi, fundi viatu, alipita kunisalimia tu kabla ya chakula cha mchana. Kuku walipoingia kulala alikuwa bado ananisalimia.

2. Mirija. Unajua kwamba mtaro wa mpaka unapita nyuma ya jiko langu. Jirani yetu Ekaju, wa upande wa Uganda, ameunganisha mirija mitatu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tyubu aliyoinunua kwangu mimi mwenyewe. Sasa anaketi kwake Uganda, juu ya kiti chake, anavuta ajon iliyoko Kenya. Nilipomwambia haya ni magendo, alinijibu kwa upole kwamba yeye hajavuka. Nikamwendea bwana mmoja anayejua mambo ya forodha, nikamuuliza kama pombe inayosafiri ndani ya mrija inatozwa ushuru. Badala ya kunijibu, akaniuliza kama chungu hicho kina nafasi ya mrija mwingine.

3. Mama yangu, Taaka, ambaye anakaa nasi tangu tulipomzika Baba. Maisha yake yote amekunywa busaa. Siku moja Asekenye alikwenda sokoni akaacha chungu cha ajon kimeiva. Mama akafunua, akaona makapi yamejaa tele, akamwonea huruma mkwe wake, kwamba maskini hakufundishwa kuchuja. Akakamua chungu kizima, makapi akawamwagia kuku. Loo, Mzee, kumbe kwenu makapi ndiyo pombe yenyewe! Jogoo aliwika alasiri nzima, kisha akavuka mtaro kwenda kupigana na bata wa Ekaju. Asekenye aliporudi alikaa chini akalia. Mama naye akalia, kwa sababu alikuwa amesaidia.

4. Nikaamua kuwa mwanamume ndani ya nyumba yangu. Nikaagiza busaa. Binti yako hakubisha, akakaanga unga, akatia kimea, akachuja, ikawa busaa ya kuheshimika. Basi mwanao Oluka akatokea Nagongera, mrija kwapani, akaomba birika. Nilidhani anataka chai. Kabla sijainuka alikuwa ameshatia maji ya moto ndani ya busaa yangu yote, ikageuka uji mchachu. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema kwamba watu wanatuita Wateso, kumbe wanaoteseka ni Wasamia. Tangu hapo Asekenye amerudia ajon yake.

5. Hili ndilo hasa, Mzee. Hayo mengine ningeyavumilia. Padri amempa mtoto jina la Yohana, nasi tumelipokea, lakini jina la nyumbani bado hana. Nilikubali tufuate mila ya kwenu: bibi achovye kidole kwenye pombe, amtie mtoto mdomoni huku akiita jina, mtoto akinyonya, jina ni lake. Nilitaka jina moja tu, Odwori, la marehemu Baba. Alifariki akimngojea mjukuu huyu. Namkosa sana, Mzee. Nataka kuita Odwori ndani ya nyumba hii na mtu aitike.

Jina ni la kwetu, kwa hiyo nikasema pombe nayo iwe ya kwetu. Ilikuwa busaa ileile, kabla Oluka hajaifikia. Mama alichovya kidole, akaita Odwori. Mtoto akakisukuma nje kwa ulimi. Akaita tena, mtoto akageuza uso. Mara ya tatu alilia mpaka akapiga chafya. Mama anasema marehemu ametukasirikia, na tangu siku hiyo sahani yake hurudi jikoni kama ilivyokwenda. Asekenye alisema polepole kwamba labda mtoto amekataa pombe, hakukataa jina. Nikamwambia asitukane marehemu. Baba hakuwahi kuonja ajon, na shahidi ni wewe. Kila Jumamosi alikuja kwako Kiyeyi kuzungumza magonjwa ya ng'ombe, na jioni alirudi akiisukuma baiskeli, asiipande, kwa kuihurumia isichoke. Mtu mwenye huruma hivyo kwa baiskeli si mnywaji.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, umwamuru binti yako apike busaa kiangazi chote. Mrija wa Ekaju ukatwe pale pale mpakani, kila serikali ichukue kipande chake. Oluka asikaribie birika lolote akiwa Kenya. Na wewe mwenyewe uje utamke mbele ya mke wangu na mama yangu kwamba marehemu hakuijua ajon. Ukikataa, nitakunywa chai mpaka mvua zinyeshe, na kila atakayeniuliza nitamwambia ni baba mkwe wangu aliyenifikisha hapo.

Mfikishie salamu Mama Mkwe, ambaye namsalimia kutoka mbali kama inavyopasa, pia Aguti, Okanya, na wote wa boma lako, pamoja na wale ng'ombe wagonjwa.

Ni mimi mkweo, mtiifu na mwenye kiu,
Fabiano Ojiambo

Nimekwisha kutia sahihi, lakini naongeza haya. Barua ilikuwa mezani ikingojea stempu. Leo asubuhi nimetoka ibadani mapema, nikamkuta Mama jikoni peke yake, mtoto mapajani, kidole ndani ya chungu cha ajon. Akaita Odwori. Mtoto alikishika kile kidole kwa mikono miwili akanyonya, na Mama alipotaka kukitoa hakukiachia. Mama akalia. Mimi niliyekuwa mlangoni nikalia pia, wala sioni haya kukwambia. Kisha Mama akajifuta macho, akaniangalia, akaniuliza: "Kwani baba yako alikuwa akienda Kiyeyi kwa ng'ombe gani?"

Mzee, mimi nimeshindwa kumjibu. Njoo Jumamosi umjibu wewe. Hayo niliyoyapanga kwa namba yaache, ila la birika. Uje na kimea cha wimbi, maana chetu kimekwisha. Na mrija wa Baba uje nao pia, najua umeutunza. Mwenyewe amefika, anauhitaji.