Mjumbe wa Yangambi, Ghorofa ya Tano

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimeingia! Saa tano na dakika kumi asubuhi, chumba 507, ghorofa ya tano, hoteli kubwa kuliko zote nilizowahi kuzitazama kwa nje. Miaka arobaini na minane naishi Kisangani, kila siku napita mbele ya mlango huu, na mlinzi kila siku ananitazama kama mtu aliyepotea. Leo amenifungulia. Beji shingoni: FÉLICIEN, MJUMBE WA YANGAMBI.

Yangambi sijawahi kufika. Lakini utaratibu wa hizi semina unajulikana. Wewe wa mjini unapewa chupa ya maji na jioni unarudi kwako. Anayetoka mbali ndiye analazwa hotelini. Basi kwenye fomu ya semina ya mihogo, mahali pa makazi, niliandika Yangambi. Chama changu cha walima mihogo kina wanachama watatu na rais ni mimi. Hakuna aliyepinga.

Marceline, mke wangu, nilimwambia karibu ukweli. Nilisema naenda Yangambi kwa baba yake, Papa Philippe, kumsaidia kupalilia shamba juma zima. Miaka mitano mzee ananiita na sijaenda. Marceline alifurahi mno, hata nikaona haya kidogo. Akafunga kifurushi cha baba yake: miche sita ya sabuni, kilo mbili za sukari, kopo la dawa ya kuchua magoti. Akaniomba jambo moja tu kabla sijaondoka, nizibe paa linalovuja juu ya kitanda chetu. Ananiomba hilo tangu Pasaka. Nikamwambia mtumbwi haungoji. Nikashuka hadi gatini, nikazunguka soko, nikarudi kwa njia ya nyuma nimevaa kofia.

Lifti imejaa viti vya plastiki. Nimepanda kwa miguu. Bijou, msichana wa mapokezi, amesema fundi anakuja.

Lakini roshani! Naona mji wote. Naona hata kwangu, mitaa miwili tu kutoka hapa: bati, kisima, beseni la bluu, kiti changu cha mwanzi chini ya upenu. Marceline anatwanga pondu, majani ya mihogo. Nimevuta kiti nikakaa kutazama mpaka mchana.

Jumanne, 14 Oktoba

Maji hakuna. Umeme ulikuja jana saa kumi na mbili jioni, ukaondoka saa moja. Televisheni ina picha bila sauti. Taulo ni moja na ina ukubwa wa leso. Nilishuka kulalamika. Bijou akasema, “Technicien iko mu njia, papa.” Nikauliza njia ipi. Akasema ile ile ya jana.

Sabuni nayo hakuna. Nimefungua mche mmoja wa Papa Philippe. Ana sita, hatauona huo mmoja. Nikapata ndoo ya maji, nikafua shati langu la kitenge cha jubilei ya parokia, nikalitundika roshani. Linapendeza pale.

Semina imeanza kwa kila mtu kujitambulisha. Niliposema Yangambi, mama mmoja wa mstari wa mbele aligeuka. Anaitwa Madame Chimène, mtafiti wa mihogo, anaishi Yangambi miaka ishirini. Akasema hajawahi kuniona hata siku moja. Nikasema huwa nakaa ndani sana.

Chakula cha mchana: tambi na sardini. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kwangu na ulileta harufu ya lituma, zile ndizi za kupondwa za Marceline.

Saa tisa nikatoka roshani na kikombe changu cha chai. Kuna mtu juu ya paa langu! Nikadhani mwizi. Nikatazama vizuri. Ni Arthur!

Arthur ni jirani yangu, seremala. Ana ngazi. Hiyo ndiyo sifa yake pekee hapa duniani, lakini mtaa mzima unamsalimia kwa sababu yake. Leo ngazi hiyo imeegemea ukuta wangu, na Marceline ameishika chini kwa mikono miwili isiteleze. Kila mara anamtazama yule juu na kucheka. Mimi nikipanda mahali huwa hashiki kitu.

Jumatano, 15 Oktoba

Sikulala vizuri. Kitanda kina shimo katikati.

Chai ya hoteli haina sukari. Nimechukua kidogo ya Papa Philippe. Wazee wenyewe hawatakiwi kula sukari nyingi, kila daktari anasema.

Saa nne Arthur yuko tena kwangu. Paa amemaliza, sasa anatengeneza mlango wa jiko, ambao hata haukuwa na shida, ulikuwa haufungi tu. Saa sita Marceline akamletea sahani. Lituma! Na samaki! Na akamkalisha kwenye kiti changu cha mwanzi!

Nikampigia simu Marceline. Nikasema mtandao wa Yangambi ni mbaya, naongea nikiwa juu ya kichuguu. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na wasiwasi, habari za nyumba. Akajibu, “Nyumba iko navuja, Papa Chance. Hakuna hata mutu mumoja wa kusaidia.” Papa Chance ndiyo jina langu la nyumbani, siku ambazo hajanikasirikia. Alisema hivyo huku namwona kwa macho yangu akimwongezea Arthur samaki! Nilitaka kumwambia anadanganya. Nikakumbuka niko juu ya kichuguu. Nikasema pole, nikakata.

Nimeumia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na mwanamke huyu hajawahi kunidanganya mpaka niliposafiri.

Lazima Arthur aondoke kwenye uwanja ule. Nimeazima simu ya Bijou, nikafunika mdomo kwa ile taulo, nikampigia. Nikasema mimi ni kanali, niko upande wa Kapalata, nahitaji mlango, na namtaka seremala mbele yangu kabla ya saa kumi. Arthur akapiga kelele, “Nakuya, mon colonel! Sasa hivi!” Kutoka roshani nilimwona anaruka kutoka kitini bila kunawa mikono, anapanda baiskeli, anapotea. Nikarudi semina nimechangamka. Niliuliza hata swali.

Alhamisi, 16 Oktoba

Arthur amerudi. Huko Kapalata hakuna aliyemjua kanali wangu, lakini mke wa afisa mmoja anajenga nyumba, na alipoona seremala amesimama barabarani na futi yake mkononi, akampa kazi. Milango kumi na miwili! Nimeyajua haya yote bila kumuuliza mtu, kwa sababu Arthur aliyatangaza katikati ya mtaa, na sauti yake inafika ghorofa ya tano. Marceline alimpigia makofi.

Ngazi hizi zimeniua magoti. Hatua mia moja na nne, nimezihesabu, kupanda na kushuka kila mlo. Nimefungua dawa ya Papa Philippe ya kuchua magoti. Ni nzuri sana. Nusu ya kopo imekwisha.

Semina: msimamizi alimwomba mjumbe wa Yangambi aeleze hali ya mihogo huko. Nikasimama. Nikasema hali si mbaya wala si nzuri, ni ya kati. Akaandika ubaoni: HALI YA KATI. Madame Chimène alikohoa mpaka akapewa maji.

Mchana pampu ya hoteli ikafa kabisa, na fundi bado hajafika. Bijou ametutangazia kwa furaha kwamba meneja amepata maji safi kwa mama mmoja jirani mwenye kisima, yataletwa kwa baiskeli. Nikaenda roshani. Baiskeli ya Arthur ilikuwa inatoka uwanjani kwangu na madumu sita. Marceline anaisukuma kutoka nyuma.

Jioni nimeoga maji ya kisima changu mwenyewe, kwa sabuni ya baba mkwe wangu, katika hoteli. Hayakuwa na tofauti yoyote na ya nyumbani, isipokuwa nyumbani hayapandi ngazi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Saa saba mchana, semina imekwisha, cheti ninacho mkononi. Mtu akagonga. Nikadhani maji. Yalikuwa maji kweli. Marceline alikuwa ameyashika, dumu la lita ishirini, amepanda hatua zote mia moja na nne peke yake. Amevaa kitenge chake cha jubilei, pacha wa shati langu. Akaliweka dumu chini. Akasema, “Bon, Papa Chance. Yangambi iko muzuri?”

Nikasema nimepita hapa kidogo tu, mtumbwi ulichelewa. Akatoka roshani, akagusa shati langu lililotundikwa, akatazama chini kwetu. Kila kitu kinaonekana vizuri sana kutoka pale. Akasema, “Tangu mardi minakuona. Kila asubui, badge ku shingo, kikombe ku mukono. Ulizani macho iko yako peke?”

Ukweli ni kwamba sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Kuhusu Arthur, alisema alimwita kuziba paa kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Lakini kumkalisha kwenye kiti changu na kumpa samaki mchana kweupe, hilo alilifanya makusudi, na alikuwa anashangaa siku zote kwa nini sishuki. Alikuwa ananingoja nishuke. Hiyo tu.

Mpaka hapo hakuwa amekasirika. Nadhani ningeweza hata kumchekesha. Ndipo akaona kifurushi cha baba yake kwenye meza. Mche mmoja na nusu wa sabuni. Karatasi ya sukari, tupu. Kopo la dawa, akalifungua, akalinusa, akalifunga polepole.

Akaketi kwenye lile shimo la kitanda. Akasema Jumatatu alimpigia baba yake simu kwamba mkwe anakuja. Jumanne aliponiona roshani, ilimbidi aseme mtumbwi umeharibika njiani, ili mzee asinidharau. Basi mzee akaingiwa na hofu kwamba nimezama. Miaka sabini na sita, magoti yale, na anashuka gatini mara mbili kwa siku kuuliza kila mtumbwi unaofika. Marceline akalia. Simwoni akilia mara nyingi. Nilipata aibu, na naandika hapa nilipata aibu, isije ikasemwa sikupata.

Akajifuta macho. Akasema kesho asubuhi nitapanda mtumbwi wa kweli, na kifurushi kingine, na nitapalilia mpaka baba yake mwenyewe aseme basi. Nisipokwenda, nisirudi kwenye uwanja ule anaoweza kuuona kila mtu mwenye roshani. Anataka kujua kama yeye ana mume au ana mjumbe.

Nikasema ana mume. Akasema ataona.

Kisha akaomba ufunguo. Chumba ni changu mpaka kesho, kwa hiyo atalala yeye. Mimi nimetumwa nyumbani. Paa halivuji hata tone. Nimelitafuta tone hilo kila pembe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi nilimpelekea Marceline kifurushi kipya akikague. Nilimngoja pale chini mapokezi. Akaja kwa lifti. Kwa lifti! Fundi alifika jana jioni, dakika chache baada ya mimi kuondoka. Amelala na umeme mpaka asubuhi, ameoga maji ya moto, na Bijou alimbadilishia godoro. Marceline akasema ni hoteli nzuri, haelewi nilikuwa nalalamikia nini.

Alinisindikiza gatini na hakuondoka mpaka mtumbwi ulipotoka. Nimepangwa kukaa kando ya Madame Chimène, anarudi kwake. Alinitazama, akatazama kifurushi, akasema, “Donc sasa utatoka inje.” Kisha akanigeuzia mgongo kwa saa nne. Nilishika kifurushi magotini safari nzima. Sikufungua hata kona.

Jumanne, 21 Oktoba, Yangambi

Papa Philippe alikuwa gatini siku ile. Aliponiona alinikumbatia kwa nguvu nikashindwa kupumua, akasema anashukuru Mungu sikufa maji. Nikasema hata mimi.

Siku ya tatu ya jembe. Malengelenge mikono yote miwili. Shamba halina mwisho na hali ya mihogo, naiona sasa kwa karibu, ni mbaya. Mzee anakaa kivulini anajichua magoti na kunisifu kwa wapita njia, kwamba mkwe wake aliponea chupuchupu na bado akaja. Sikumsahihisha. Marceline amepiga simu jana na amezungumza na mimi dakika nzima. Aliniita Papa Chance, si Félicien. Naona mambo yanarudi.

Leo wakati wa kupumzika nilimweleza mzee kuhusu hoteli: lifti, maji ya moto, roshani. Macho yake yaling'aa. Akasema maisha yake yote hajawahi kulala mahali kama hapo. Maskini! Na mwezi wa kumi na mbili kuna semina ya migomba, hoteli ile ile. Yeye ni mtu wa Yangambi halisi, hakuna atakayemkataa. Mimi nitajiandikisha kutoka Isangi, mbele zaidi kwenye mto. Tumekubaliana Marceline asisumbuliwe na habari hii.

Nimejichunguza sana humu shambani, kwa sababu mtu mzima lazima ajue kosa lake. Nimeliona. Mara hii nitaomba chumba cha upande wa mto.