Maziwa au Krimu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu yuko kwa binti yetu tangu mjukuu azaliwe. Alisema wiki mbili. Sasa imetimia miezi mitano! Kitanda kimekuwa uwanja wa mpira, nami nalala pembeni kama mgeni. Kumwambia arudi? Thubutu! Mzee mzima nilie kama kile kitoto? Nimepata hila. Siku nyingi alitaka chumba chetu kipakwe rangi. Nimenunua vikopo viwili vya kujaribia, Maziwa na Krimu. Hata muuza duka havitofautishi bila kusoma kifuniko. Lazima aje achague mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia. Kasema chagua yoyote, mzee, mtoto analia. Nikamkumbusha kuwa nilipochagua mara ya mwisho, sebule ilitoka rangi ya dawa ya kikohozi. Akacheka. Jamani, kicheko kile! Kisha akasema nimtumie picha. Balaa.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni nywele, wanasema. Mimi nina upara, lakini leo nimemweza! Nimepaka ukutani viraka viwili, vyote Maziwa, nikavipiga picha. Atashindwa kuchagua, atapanda basi. Fundi rangi niliyemwita kakodoa macho, kauliza mbona rangi ni moja. Nikamwambia ashike brashi yake, ndoa yangu aniachie.
Jibu limefika kabla chai haijapoa: ya pili. Ya kwanza inamuumiza macho!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwandikia kwamba ya pili imeadimika madukani, aje tushauriane. Mto wake umekwisha harufu yake. Sasa unanuka mzee.

Jumamosi, 8 Machi
Kaja! Na kipochi tu mkononi. Hata viatu hajavua, kasema Krimu. Kopo lenyewe kaliona pembeni, halijafunguliwa. Kasema viraka vile alijua ni rangi moja tangu kwenye picha. Miaka arobaini na mimi si mchezo. Tukala. Akaniweka sawa kola. Akauliza kama nina neno jingine. Nikasema hapana, ni rangi tu. Akasema ningemwambia njoo, angekuja na sanduku. Saa kumi akapanda basi.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona. Chumba kimoja huisha upesi mno. Kuna jiko, sebule, ukumbi na choo. Kesho nanunua kijani, aina nne.