Salamu kwa Bwana Mhariri

Jumatatu, 7 Machi 1932
Habari mbaya. Mwalimu Kashindye amenifuata dukani kwa Shantilal, ninapofanya ukarani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Serikali inapunguza fedha za shule. Darasa la nne litafungwa mwisho wa mwezi, na yeye kazi hana tena. Wasichana humo ni wawili, mmoja ni binti yangu Eugenia! Mwalimu ameniomba niandike gazetini, maana wakubwa wa Dar es Salaam hulisoma. Amesema hapa Mwanza hajui kalamu nyingine kama yangu. Kweli haipo.

Jumanne, 8 Machi
Venant, karani wa boma, kashapata habari. Huyu aliwahi kutoa gazetini mistari sita kuhusu daraja bovu, na tangu hapo anatembea kana kwamba alilijenga yeye. Amenishauri nitaje watoto ni wangapi, wanajifunza nini, na wataenda wapi darasa likifungwa. Basi! Salamu hakuzitaja hata moja. Sisi watu wa Bukoba hatuombi kitu kabla ya kuuliza hali ya nyumbani, ya migomba na ya ng'ombe. Nimemshukuru kwa ubaridi.

Alhamisi, 10 Machi
Salamu za Bwana Mhariri tayari. Za mkewe zimenisumbua, kwa kuwa sijui kama anaye. Nimeandika "na wote walio nyumbani kwako". Busara!

Jumamosi, 12 Machi
Barua imekamilika! Salamu, pole ya kazi, sifa za gazeti, sifa za ziwa letu, habari za mvua, na jina langu, Longino, mara mbili wasije wakakosea. Shule nimeiweka mwisho, mahali pa ombi lolote la heshima. Eugenia ameisoma, akauliza mbona shule iko mbali hivyo. Nimemwambia haya ni mambo ya watu wazima. Nimeipeleka posta kwa mkono wangu.

Jumatatu, 4 Aprili
Imetoka! Nimenunua nakala nne. Salamu zipo, ziwa lipo, mvua ipo, mimi nipo. Halafu Mhariri anasema nafasi imekwisha, na anamshukuru Bwana Longino kwa salamu zake njema. Nimegeuza ukurasa. Upande wa pili kuna tangazo la baiskeli.

Jioni Mwalimu Kashindye amekuja kuaga, anarudi kwao Kisesa. Nilijiandaa kwa matusi. Amesoma polepole mpaka chini, akasema salamu ni nzuri sana. Heri angenitukana. Eugenia amemsindikiza hadi njia panda, akarudi, akakipandisha kibao chake cha kuandikia juu ya kabati. Hakulia. Nimeona aibu kubwa.

Jumanne, 5 Aprili
Nimelitafuta kosa tangu alfajiri, na nimelipata: gazeti ni dogo mno! Nitamwandikia Gavana mwenyewe. Kwake karatasi haiishi, wala hakuna wa kunikata. Ila mtu mkubwa vile haamkiwi haraka haraka. Sasa ni saa sita mchana, nami niko ukurasa wa tano. Eugenia amepita na mtungi wa maji mara ya tatu, saa ambazo zamani alikuwa darasani. Nimemwambia avumilie kidogo. Nikishamaliza kuulizia afya ya mama yake Gavana, nitafika kwenye shule.