Muuguzi Anaolewa, Mtandao Wetu Je?

Kwako Mjomba wa Muuguzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa kwa haya nitakayokueleza, ambayo yakikufikia na wewe hutakuwa hujambo. Salamu ndefu nimeziweka mwishoni, hasira isije ikapoa njiani.

Mimi ni fundi cherehani wa chumba cha chini, mlango wa kijani, katika nyumba ya ghorofa anamopanga mpwa wako. Tulionana siku ulipomletea kitanda. Ni mimi niliyeshika miguu ya kitanda kile kwenye kona ya ngazi nikakuambia tukigeuze, ukasema hakigeuki, kikageuka. Hapo nikajua kwamba wewe ni mtu anayebadili mawazo akionyeshwa ukweli, na ndiyo maana nakuandikia wewe na si mtu mwingine.

Nimesikia kwamba tangu baba yake afariki, wewe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya binti huyu, na kwamba umekwisha kumkubalia yule mpima ardhi amuoe. Naomba kwa unyenyekevu neno hilo ulirudishe. Sina ubaya na ndoa kwa jumla. Hata mimi ninayo. Ubaya wangu ni na hii, na nitaanzia kwenye chanzo, maana malalamiko yasiyo na chanzo ni umbea.

Tunaishi na mama mkwe wangu. Mtoto wake wa mwisho, yaani shemeji yangu, anachomelea vyuma katika nchi ya mbali, na kila Jumapili humpigia mama yake simu ya video. Jumapili moja, mama mkwe amekaa mlangoni anazungumza naye, kifurushi kikaisha, uso wa shemeji ukaganda mdomo ukiwa wazi. Bibi wa watu hakujua. Akaendelea kumsemesha. "Mbona umenyamaza, mwanangu? Nimekuudhi?" Mpwa wako alikuwa anashuka ngazi kwenda hospitali, sare imepigwa pasi, mkoba begani. Akasimama. Akachuchumaa pale mlangoni, akawasha hotspoti kwenye simu yake, akabonyezabonyeza simu ya bibi, na shemeji akapumua tena. Siku ile Muuguzi alichelewa kazini, kwa sababu mama mkwe wangu akianza habari za goti lake hana nukta.

Kosa ndilo hilo, Mjomba. Alitenda wema. Bibi akamwonyesha mke wangu jinsi simu inavyoshika, mke wangu akanionyesha mimi, mimi kwa siri kubwa nikamwambia mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kati, naye akamwambia kinyozi wa barazani, na siri ikifika kwa kinyozi huanguka sakafuni pamoja na nywele, kila mteja akaondoka nayo kwenye viatu. Leo mke wangu anauza vitambaa kwa picha. Mimi najifunza mishono mipya kwa video. Mwalimu anasoma magazeti ya dunia nzima na kuyapinga yote. Hakuna aliyepanga iwe hivi, lakini mazoea yana taabu, na mpwa wako ndiye aliyetuzoesha. Malalamiko yetu ni haya:

1. Anaondoka nyumbani na simu yake. Naelewa kwamba watu wengi hufanya hivyo, lakini watu wengi si mtandao wa nyumba nzima. Akishuka ngazi asubuhi, juu kwa mwalimu kunakufa kwanza, kisha kwa mke wangu, na akivuka geti tu, kinyozi anapiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji. Juzi nilikuwa katikati ya video ya kutia kola, fundi wa kwenye video amefika pale pagumu, nikasikia viatu vya Muuguzi kwenye ngazi. Nikatoka naye. Nilimfuata nyuma hatua chache, simu nimeinyanyua, shati la mteja begani, mpaka kituo cha basi. Aligeuka akaniuliza, "Fundi, na wewe unakwenda wapi?" Nikamjibu kwa uaminifu kwamba sijui, ila imebaki kola ya kushoto. Basi lilikuja, akapanda, na kola ya kushoto mpaka leo inamtazama mwenye shati kwa jicho baya. Wakati huohuo mtaa mzima ulishamweleza mke wangu kwamba nimeonekana nikimsindikiza mwanamke. Nani atanisafishia jina?

2. Zamu zake hazizingatii maslahi ya nyumba. Akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, huzima simu na kulala, eti amechoka. Tulimtuma mwalimu ampelekee ombi la heshima kwamba alale, lakini simu ibaki macho. Kesho yake, jina la hotspoti, ambalo siku zote lilikuwa "Wodi", likabadilika na kuwa "Nunueni Zenu". Tulikaa kikao tukaulizana ujumbe huu unamlenga nani. Baada ya majadiliano marefu tulikubaliana kwa kauli moja kwamba anayesemwa ni kinyozi.

3. Hapa, Mjomba, najua utauliza kwa nini basi kila mtu asijinunulie kifurushi chake. Swali hilo huulizwa na watu wasioijua nyumba yetu. Kila mtu akijinunulia, nani atakaa kwenye ngazi? Zamani tulipishana pale bila salamu, kila mmoja na ndoo yake. Sasa jioni tunakaa vidato vile vya juu ambako mtandao unashika vizuri, magoti kwa magoti, tunagombana kwa furaha. Mke wangu na mke wa kinyozi, ambao walinuniana tangu ugomvi wa kamba ya nguo, wamepatana kwa sababu ya kuombana chaja. Najua pia unayo ile methali ya mtegemea cha ndugu. Naiheshimu. Ila aliyeitunga hakuwahi kukaa ghorofa moja na ndugu mwenye hotspoti.

4. Alibadilisha nywila bila kutushauri. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi nyingi, tukajikuta sote nje kama kuku waliofungiwa banda. Tukaanza kubahatisha. Mwalimu alijaribu majina ya magonjwa, kwa hoja kwamba muuguzi huyafikiria sana. Kinyozi alijaribu jina lake mwenyewe pamoja na sifa. Mimi nilijaribu "samahani" kwa herufi ndogo na kubwa. Mama mkwe alichukua fimbo yake, akapanda ngazi polepole na goti lake, akabisha hodi. Alishuka akiwa anatazama video ya mwanawe. Tulipomuuliza amefanyaje, alisema ameomba.

Alikataa kututajia nywila, na mimi simlaumu, nasema tu kwamba kwa mkwe wake wa pekee angeweza kulegeza. Mke wangu ndiye aliyeipata, kwa kuchungulia begani mama alipokuwa akiiandika upya. Alirudi ndani uso umebadilika. "Ni jina la mwanamume," akaniambia. Hivyo ndivyo nyumba ilivyopata habari ya uchumba, Mjomba. Hatukuambiwa kwa mdomo wala kwa kadi. Tuliuandika uchumba wa mpwa wako kwa vidole vyetu wenyewe, herufi baada ya herufi, na ukatufungulia.

5. Huyo mwanamume mwenyewe. Alikuja Jumapili iliyofuata, na mimi nilitoka uani kumkagua nikitegemea kukuta kasoro. Ni mrefu, mpole, anasalimia mpaka watoto. Bomba la uani lililokuwa likitudondokea tangu tuhamie alilikaza kwa dakika chache, kwa bisibisi aliyokuwa nayo mfukoni, kisha akaomba maji ya kunawa. Kinyozi alisema mtu wa namna hiyo lazima ana jambo analificha. Na kweli analo! Wakati anamsubiri Muuguzi ateremke, alikaa kwenye ngazi zetu na kuwasha hotspoti yake mwenyewe ili ampe bibi mtandao, maana simu ya Muuguzi ilikuwa imeishiwa chaji. Mjomba, nimewahi kuona mtandao, lakini ule ulikuwa farasi. Video ilifika kabla sijaiita. Mwalimu alipinga magazeti matatu kwa mkupuo. Halafu yule bwana akasimama, akatuaga kwa adabu, akaondoka nao.

Sasa naomba ulipime jambo hili kwa mizani ya haki. Mtu ana mtandao wake, tena wenye nguvu, na bado anakuja kwenye nyumba ya watu kuchukua na wa kwao. Wataishi wawili ndani ya chumba kimoja na hotspoti mbili, moja inamtazama mwenzake, huku ghorofa nzima imekaa gizani. Huo si upendo, ni ulimbikizaji. Kama ni upendo, basi ampende mtu asiye na kitu, kama desturi ya hadithi zote nzuri inavyotaka.

6. Na hili la mwisho nalisema kwa sauti ya chini. Nani atamwambia bibi kwamba simu ya Jumapili haitashika tena? Shemeji yangu haji nyumbani mwaka huu. Mkataba wake umeongezwa. Ile simu ya Jumapili ndiyo safari yake ya kuja. Mimi naweza kumnunulia mama mkwe kifurushi, sikatai, na mke wangu amekwisha kuniambia hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Lakini kifurushi hakitachuchumaa mlangoni. Kikigoma, hakitamwambia bibi, "Subiri kidogo, mama, anarudi huyo." Mimi nikimshikia simu huwa namwonyesha mwanawe dari.

Kwa sababu hizo zote, na kwa kuwa sisi ni watu wa maelewano, tunapendekeza mojawapo ya haya. Ndoa isimame mpaka apatikane mpangaji mwingine mwenye simu nzuri na roho nzuri, na awe muuguzi ikiwezekana. Au bwana harusi ndiye ahamie huku. Chini ya ngazi kuna stoo, tutatoa ndoo zetu na baiskeli ya mwalimu, na wakilala pale mtandao utapanda juu na kuingia kwetu bila ubaguzi. Au basi, kama roho yako ni ngumu, bibi harusi aende na simu ibaki. Tutaiweka mahali pa heshima kwenye kidato cha juu, ndani ya kikapu, na tutaichaji kwa zamu. Yeye akitaka kuongea na mume wake, si watakuwa pamoja?

Natumaini utalitazama suala hili kama mlezi na si kama mtu aliyekwisha kununua viatu vya harusi.

Msalimie Shangazi, na wajomba wengine wote, hata wale walioshangilia posa. Wasalimie watoto na majirani zako, na kama katika hao yupo mwenye mtandao mzuri anayetafuta chumba, msalimie huyo kwa namna ya pekee. Mke wangu anakusalimu ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mwalimu anakusalimu na kupinga. Kinyozi anasema ukija atakunyoa kwa heshima ya msiba uliotupata.

Wako katika masikitiko, na kwa niaba ya wapangaji ambao bado sijawauliza,

Fundi, mlango wa kijani.

N.B. Mjomba, barua nilikuwa nimeikunja, natafuta bahasha, hodi ikapigwa. Ni mpwa wako, amekuja kujaribu gauni. Sikukuambia kwamba gauni lake nalishona mimi. Niliomba mwenyewe, na nilimkatalia mke wangu aliposema tumpelekee fundi wa mjini. Alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo, akageuka taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Fundi, nimependeza?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru Mungu kwa pini zile, maana ningelia mbele ya mteja. Mama mkwe alilia kwa niaba yangu, kisha akamshika mkono akamwambia aende akaishi vizuri, na asije akamwendea mume wake amechoka bila kula. Mke wangu alikuwa amepiga magoti anapima pindo, hata yeye hanyanyui uso. Tulikaa naye mpaka taa za barazani zikawashwa. Simu yake aliisahau juu muda wote huo, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeulizia mtandao.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, kuanzia namba moja. Harusi ni lazima. Pindo nalimaliza kesho, na sisi wote tunakuja, bibi tutambeba. Na wewe Mjomba, ukithubutu kuizuia ndoa hii, nitakuandikia barua nyingine, na hiyo haitakuwa na shikamoo.